Mkasi wa Mwimbaji

Mtoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hahitaji kufunzwa kwamba muziki unachanganyika. Jumamosi jioni kati ya Kaloleni na Pumwani, adhana inatoka msikitini Majengo, kwaya inafanyia mazoezi nyimbo za kesho, benga inalia ndani ya baa, rumba ya Kongo inaijibu kutoka kwa kinyozi, na matatu ya Dandora inapita na besi inayotikisa madirisha. Yote hayo humwingia sikioni bila kupiga hodi. Ndiyo maana sioni kuwa mwimbaji wa jazi ya mchanganyiko, ile inayooanisha midundo ya nyumbani na ya ng'ambo, anastahili sifa kwa kukusanya ladha nyingi. Mtaa ulishamkusanyia. Ninachomsifia ni mkono wake wa kukata, kama fundi cherehani ambaye kitambaa anacho tele lakini gauni halitokei mpaka mkasi upite.

Tazama alichofanya mwimbaji Daudi Kabaka miaka ya 1960, alipokuwa akirekodi katika studio ya Equator hapa Nairobi. Twisti ilikuwa imetoka Marekani na kuteka kumbi za dansi. Angeweza kuibeba nzima-nzima, pamoja na Kiingereza chake na lafudhi yake. Akabeba mwendo wa kiuno tu, akautandika juu ya gitaa la kwetu lenye chembe za kwela ya Afrika Kusini, kisha akaimba Kiswahili ambacho karani na mchuuzi wote walikielewa. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza, The Tremeloes, likaurekodi wimbo wake Helule Helule, nao ukapanda chati za Uingereza. Waingereza wakawa wanacheza twisti iliyokwisha kupunguzwa na kushonwa upya Nairobi.

Achieng Abura, aliyetutoka Oktoba 2016, alikuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kupunguza. Alianzia kwenye injili, akahamia jazi yenye mizizi ya Kiafrika, na lugha alikuwa nazo tatu: Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Wengi walimfahamu kupitia runinga, alipokuwa mkuu wa chuo katika shindano la uimbaji la Tusker Project Fame. Aliyelelewa na injili huzoea kujaza kila upenyo, kwa sababu kanisani ukimya kidogo tu huitiwa haleluya. Jazi inadai kinyume chake. Mwimbaji akimaliza ubeti wake, lazima aondoke njiani ili saksafoni ipite, na akirudi asirudie ilichokwisha kusema. Anayetoka kwaya na kuingia jazi hana budi kuifundisha pumzi yake adabu mpya.

Aliyekata kwa ujasiri kuliko wote ni Mbrazili, Flora Purim, mzaliwa wa Rio de Janeiro mwaka 1942. Alihamia New York mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1972 akasimama mbele ya kundi la Return to Forever la mpiga kinanda Chick Corea, mumewe Airto Moreira akiwa kwenye ngoma. Samba alikuja nayo na jazi aliikuta huko. Kuna mahali alitupa hata maneno: sauti ikawa inapanda, inateleza na kuhema kama chombo cha kupuliza. Asiyeimba anaweza kudhani huo ni mchezo. Lakini maneno humsitiri mwimbaji. Noti ikipinda kidogo, msikilizaji ameshughulika na mapenzi yanayosimuliwa na hatambui. Ukiyaondoa, kila kosa linabaki uchi.

Nidhamu hiyo hiyo inafundishwa leo Korogocho, kando ya jaa la Dandora. Tangu 2008 mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge, umekuwa ukiwapa watoto fidla, tarumbeta na saksafoni, na tamasha la jazi la Safaricom lililoanza 2014 limeuchangia fedha. Watu huwatazama watoto hao wakipuliza na kupiga picha. Mimi huvutiwa na mwenye tarumbeta ambaye zamu yake haijafika. Anahesabu mipigo moyoni, chombo kiko pajani, macho kwa kiongozi. Kwenye karatasi ya nota ukimya nao una alama zake, na akikosea kuuhesabu ataharibu wimbo sawasawa na aliyepuliza noti mbovu. Kwa mtoto aliyekulia mahali ambapo asiyepaza sauti hasikiki, hilo ni somo gumu kuliko la vidole.

Shida ni kwamba ufundi wa kukata hauna soko rahisi. Mwenye ukumbi anataka watu wasimame, na hadhira hulipia kinachosikika, hivyo kijana wa Jericho au Umoja hujaribiwa kuonyesha kila alichonacho ndani ya dakika nne: noti za juu, lugha zote, rapu katikati, kigelegele mwishoni. Huwa anashangiliwa. Yule mwenzake aliyechagua mdundo mmoja, lugha moja na mahali pawili pa kunyamaza hupigiwa makofi ya heshima tu, kwa sababu hakuna aliyeona alichokiacha nyumbani. Basi mimi nampigia kwa noti alizozimeza, maana hizo ndizo zilizomgharimu.