Kwenda Kasi na Kuongeza Kasi: Uhakiki wa Istilahi za Mtetemo wa Gari

Kazi ya kusanifu istilahi ina mtego wake. Ofisa anaweza kuketi mezani akapata neno linalopendeza sikioni na linalofuata kanuni zote za uundaji wa maneno, kumbe neno hilo likifika mahali pa kazi halimsaidii mtu. Makala haya yanahakiki kosa moja la namna hiyo, na mkosaji si mwingine ila mwandishi mwenyewe.

Nilipokuwa nikitafsiri mwongozo wa madereva juu ya kutoa taarifa za ubovu wa gari, niliandika: “Eleza kama gari hutetemeka katika mwendo wa kasi.” Sarufi ya sentensi hiyo haina dosari. Lakini maandishi ya asili yalitaja hali mbili: gari kuwa katika kasi kubwa, na dereva kuiongeza kasi hiyo. Mimi nilizikusanya zote mbili ndani ya neno “kasi”, nikaridhika. Kwa bahati njema, kabla ya kuikamilisha rasimu hiyo niliipeleka katika gereji moja mjini Shinyanga. Fundi aliisoma, akaniuliza swali moja tu: “Ndugu, ni ukikanyaga mafuta, au hata ukiachia?”

Swali hilo ndilo msingi wa kuutambua ubovu huu. Gari likifika kilometa 80 au 90 kwa saa likatetemeka, na mtetemo ukaendelea hata dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, hushukiwa kwanza magurudumu: tairi lisilo na uzito sawa pande zote, tairi lililovimba, au rimu iliyopinda. Shinyanga wanao mfano wao wenyewe. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga hunata ndani ya rimu na kukauka upande mmoja. Gari likishika lami, usukani huanza kucheza, na dawa yake huwa ni maji tu. Kinyume chake, mtetemo ukija dereva anapokanyaga mafuta na kutulia anapoachia, hushukiwa vile vinavyobeba nguvu ya injini: krosi za propela, viungo vya draivu shafti, au raba zinazoishikilia injini yenyewe.

Kwa hiyo sentensi yangu haikuwa na upungufu wa mtindo tu. Mtu angeweza kujibu “ndiyo”, akanunuliwa tairi mpya nne, na krosi iliyochakaa ikabaki palepale. Krosi ikikatika gari likiwa mbioni, propela huweza kuanguka barabarani. Katika barabara itokayo Shinyanga kupitia Tinde na Isaka hadi Kahama, ambako magari ya abiria hupishana na malori ya mizigo, hilo si jambo la kuachiwa bahati.

Neno “mtetemo” nalo lahitaji kuangaliwa. Tuchukue gurudumu lenye mzingo wa mita 2. Kilometa 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Basi gurudumu hilo huzunguka mara 12 na nusu kila sekunde. Ikiwa uwiano wa difu ni 4 kwa 1, propela huzunguka mara 50 katika muda huohuo. Ndiyo maana kasoro ya gurudumu la mbele huhisiwa mikononi, na ya gurudumu la nyuma huhisiwa kitini, ilhali kasoro ya propela hukaribia kuwa sauti. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa hali hizo: mtikisiko kwa ile ya kwanza, mvumo kwa ile ya pili, na mtetemo likabaki jina la jumla. Kuzifunika zote kwa neno moja ni kuudhulumu utajiri tulio nao.

Kadhalika na kitenzi “kusawazisha”. Baadhi yetu hukitumia kwa kulinganisha uzito wa gurudumu, na pia kwa kurekebisha uelekeo wa magurudumu. Hizo ni kazi mbili, na ya pili haiondoi mtikisiko unaotokana na uzito usiolingana. Mafundi hawachanganyi: husema “balansi” na “alaimenti”. Ikiwa tunayakataa maneno hayo kwa sababu ya ugeni wake, hapana budi tutoe mawili badala yake, si moja.

Huenda msomaji akasema kwamba tunalo neno “mchapuko”, lililokwisha kuzoeleka katika fizikia. Ni kweli, na darasani libaki. Lakini dereva hahisi mchapuko. Yeye hukanyaga mafuta. Wengine watasema kwamba “kukanyaga mafuta” ni lugha ya mitaani. La hasha! Usemi huo unataja tendo ambalo kila dereva hulifanya, na haumpotoshi yeyote. Istilahi hupimwa kwa yale inayoyapambanua, wala si kwa mavazi yake.

Tangu BAKITA lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na hasa tangu orodha za Tafsiri Sanifu zilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, tumezoea kuweka neno moja mkabala na neno moja. Utaratibu huo umetufaa sana kwa majina ya vitu. Lakini ubovu wa gari si kitu; ni tendo linalotokea katika hali fulani, nayo hali hiyo haikai katika orodha ya nomino. Yafaa basi kila istilahi ya ufundi iambatane na sentensi ya matumizi iliyopimwa mbele ya wenye kazi yao.

Sentensi yangu sasa inasomeka hivi: “Je, gari linatikisika au linavuma? Huanza likifika kasi gani? Ni unapokanyaga mafuta tu, au hata unapoachia?” Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina neno jipya hata moja. Walimu wa ufundi na wafasiri wenye maoni tofauti wanaombwa wayalete, ili tusahihishane.