Fani ya Ganda la Risasi

Taarifa za polisi zinazotufikia magazetini huitaja bunduki ya kivita kwa jina la SMG, na mara nyingi sentensi inayofuata hutaja maganda ya risasi yaliyookotwa. Tunaambiwa ni mangapi, basi. Wataalamu wa uchunguzi wataenda kuyasoma maabara, lakini sisi wengine tunaachiwa idadi tu. Ni hasara, kwa sababu ganda ni kazi yenye fani iliyokamilika, na fani hiyo inasomeka.

Nyakahura, wilayani Biharamulo, Tanzania, inastahili usomaji huo. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo inapita hapa, na ile ya kutoka Murugarama kupitia Rulenge inakuja kuungana nayo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakikimbia Rwanda. Vita vya nchi jirani vilisambaza silaha kila upande wa mpaka, na kwa hofu ya silaha hizo, kwa miaka mingi magari yalivuka mapori ya Biharamulo na Ngara yakisindikizwa na askari.

Tuanze na umbo. Ganda la SMG lina urefu wa karibu milimita 39, na risasi yake ilibuniwa katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1943. Chini kuna kitako, kisha mfuo unaolizunguka, kisha mwili, bega, shingo na mdomo. Hakuna pambo hata moja. Mfuo upo ili kucha ya bunduki ipate pa kushika inapolitoa ganda. Mwili unapungua upana kadiri unavyopanda, ili ganda lichomoke kwa urahisi likishapanuliwa na moto. Mfinyo huo ndio unaozifanya risasi zikipangwa pamoja zifuate tao, na ndiyo sababu magazini ya SMG imepinda. Umbo linalotambulika hata na mtoto limetokana na ganda.

Sasa tulitazame ganda likiwa mashineni. Marekani, walengaji shabaha hujaza upya maganda yao kwa mashine za mkono kama zile za kampuni ya Dillon ya Arizona. Hapa kwetu, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015; mashine hiyo naileta kwa sababu inafundisha kusoma. Maganda husimama juu ya sahani inayozunguka. Kila mkono unaposhushwa, sahani hupanda na kila ganda hupata kazi ya kituo chake: moja linang'olewa fataki iliyokwisha kutumika na kurudishiwa umbo, jingine linatiwa baruti, jingine linapachikwa kichwa. Kisha sahani hugeuka, na kila ganda husogea kituo kimoja.

Ganda lisiposimama sawa chini ya kalibu, yaani kifaa cha juu kinachofanya kazi ya kituo, mdomo wake hugonga ukingo na kubonyea. Fundi asiye na subira huongeza nguvu kwenye mkono, au huanza kuihangaikia kalibu, kwa kuwa ndipo jeraha lilipoonekana. Fundi msomaji huchukua kalamu ya wino na kuchora mstari kwenye ganda, upande unaomtazama, kabla ya kulipitisha tena. Akirudia kwa maganda kadhaa, mibonyeo ikawa upande uleule wa mstari, kosa ni la mashine. Ikitawanyika ovyo, hulishuku ganda lenyewe, au uchafu.

Kisha hurudi nyuma. Huenda sahani haikugeuka hadi mwisho. Huenda punje za baruti au masizi ya fataki yamelala chini yake. Huenda bolti ya katikati imelegea, sahani inayumba. Au imekazwa mno, haigeuki vizuri. Huenda kisukumizi kinachoingiza ganda kwenye sahani kimeliacha nusu ya njia, limesimama kwa kuegama. Haya yakishanyooshwa ndipo kalibu inapofikiwa: nati yake hulegezwa, ganda hupandishwa ndani, na nati hukazwa ganda likiwa humohumo, ili ganda ndilo liipe kalibu kitovu chake. Kosa linaonekana mdomoni, lakini lilizaliwa hatua moja au mbili nyuma.

Kwa kanuni hiyo, tugeuze kitako cha ganda lililookotwa kando ya barabara. Kwa kawaida ganda la SMG ni la feleji, na ndani, chini ya fataki, lina vitundu viwili pembeni badala ya kimoja katikati. Sindano ya kung'olea fataki haina pa kupita, kwa hiyo ni ganda la kutumika mara moja. Juu ya kitako kuna namba. Kwa maganda ya Kirusi, 17 ni Barnaul, 539 ni Tula. Tarakimu nyingine ni za mwaka. Herufi KOFC ni za kiwanda cha Eldoret, Kenya. Hayo ni maandishi ya kiwanda. Juu yake bunduki imeandika yake: shimo la pini kwenye fataki, mkwaruzo wa kucha kwenye ukingo. Gobore haliachi ganda, na hapo msomaji hana pa kushika.

Lakini tusilisomee ganda lisichokisema. Namba ya kiwanda haimtaji aliyefyatua, wala haitaji njia iliyopitwa kati ya kiwanda na pori. Mahali ganda lilipoangukia ni kituo cha mwisho tu. Anayesoma kwa haki hurudi nyuma: ghala gani lilipokea shehena ya mwaka ule, nani alikabidhiwa, wapi hesabu ilianza kupungua. Tukiishia kwenye jeraha tutamlaumu aliye karibu, na mpakani aliye karibu mara nyingi ni mkimbizi au mfugaji.

Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi zetu kutia silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Alama isiyosomwa haimlindi abiria wa Nyakahura. Basi taarifa inayotaja idadi ya maganda iongezwe mstari mmoja: namba za kitako, kama zilivyoandikwa. Mwaka hadi mwaka, mistari hiyo ikiwekwa pamoja, itaonyesha shehena zilezile zinarudi wapi, na hapo swali litaelekezwa kwenye ghala.