Mjalidi wa Bukoba

Fundi hakifungui kitabu. Anakilaza mezani karibu na dirisha, anakigeuza taratibu, anachungulia kingo za kurasa juu, chini na mbele, kisha anakinusa. Ni kitabu cha sala cha Luhaya, chapa ya misheni. Kurasa za mwanzo hazipo, na mwaka wa kuchapwa umekwenda nazo. Kijana aliyekileta ametoka nacho Muleba. Tetemeko la 10 Septemba 2016 liliangusha ukuta wa nyumba kilimokuwa kimehifadhiwa, mvua ikakilowesha, na aliyekiokota akakifunga kwenye mfuko wa nailoni.

"Waitu, kitapona?" kijana anauliza.

"Kitasomeka," mzee anajibu.

Ukungu hausafishwi ukiwa mbichi, kwa sababu ukipanguswa hupakaa na kuzama ndani ya karatasi. Kwa hiyo kitabu kinasimamishwa wima, kurasa zimeachanishwa kidogo, mahali penye upepo ila pasipo jua. Bukoba ni mji wa mvua na wa ziwa. Hewa yenyewe ina maji. Mahali pengine siku mbili zingetosha, lakini hapa fundi anagusa karatasi kwa mgongo wa kidole kila asubuhi na kurudi kwenye kazi nyingine. Siku ukungu unapokuwa vumbi, anajifunga kitambaa puani, anatoka nje, na kuupangusa kwa brashi laini, ukurasa baada ya ukurasa, mkono ukienda upande mmoja tu.

Wanga anaupika mwenyewe. Anakanda unga wa ngano ndani ya maji, anayachuja yale maji meupe na kuyaacha yatuame usiku kucha, kisha anayamwaga ya juu na kupika kilichobaki chini kwa moto mdogo, akikoroga bila kupumzika. Ukipoa anauchuja kwenye kitambaa. Wajalidi wengi wa kwetu hutia mrututu ili wadudu wasile gundi. Yeye aliacha: mrututu una shaba, na shaba huila karatasi polepole zaidi kuliko mende, lakini haishibi.

Sasa mgongo wa kitabu. Jalada limekwisha kutolewa na kuwekwa kando, maana litarudi. Gundi ya zamani, ile ya kuchemsha ngozi na mifupa, imekauka na kupasuka. Fundi anaipaka wanga mzito, anasubiri unyevu uingie, kisha anakwangua kwa kipande cha mwanzi kisicho na makali. Anakwangua kidogo, anapaka tena, anasubiri. Chini ya gundi kinatokea kipande cha karatasi yenye chapa, chembamba kama utepe: maneno machache ya Luhaya, yamekatwa katikati, na tarakimu mbili tatu.

Wajalidi wa zamani waliimarisha migongo ya vitabu kwa karatasi zilizoharibika kiwandani, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali. Katika maktaba za Ulaya, vipande vya miswada ya kale kuliko vitabu vyenyewe vimepatikana hivyo hivyo, chini ya gundi. Fundi hakivuti. Anakilowesha kwa brashi hadi kinaachia chenyewe, anakilaza kati ya karatasi mbili za kufyonza maji, anaweka ubao juu. Dakika arobaini kwa kipande kisichofika upana wa vidole viwili.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina karatasi za Hans Cory, aliyeandika pamoja na Hartnoll kitabu cha sheria za mila za Wahaya, kilichotoka 1945. Miaka minne baadaye F. X. Lwamgira alichapisha kwa Luhaya historia ya Kiziba, mojawapo ya falme za Wahaya. Mtafiti anayefungua kazi kama hizo hutaja mwandishi, na akiwa muungwana humshukuru mkutubi. Aliyeshona upya mgongo haandikwi hata kwenye kadi ya orodha. Naona si haki.

Kurasa zilizochanika zinazibwa kwa karatasi ya Kijapani, nyepesi kiasi cha kupitisha maandishi. Fundi haikati kwa mkasi. Anachora mstari wa maji kwa brashi nyembamba na kuivuta taratibu, ili kingo zitoke na nyuzinyuzi. Nyuzi hizo ndizo zitakazoshika, na kidole hakitahisi mshono. Karatasi hiyo hutokana na gome la mti wa jamii ya mforsadi, ambayo ni jamii moja na omutoma, mti ambao gome lake lilipondwa likawa nguo ya Wahaya. Nilipomwambia, aliitikia tu kwa kichwa, macho yakiwa kwenye brashi.

Kisha anashona. Uzi wa kitani anaupitisha kwenye nta ya nyuki, na kabla ya hapo huuchagua unene kwa kuhesabu mafungu ya kurasa: mnene ukizidi, mgongo utavimba, mwembamba ukizidi, utakata karatasi. Sindano inaingia kwenye matundu yale yale ya zamani. Uzi wa kila fungu anauvuta kwa nguvu sawa, sambamba na mgongo, na mwishoni mwa fungu anafunga kifundo kinacholishika fungu la chini yake.

Jalada la zamani linarudi juu ya kitambaa kipya, pamoja na doa lake la nta ya mshumaa. Kijana alitaka doa litolewe. Fundi alikataa: doa halidhuru karatasi, na anayetaka kujua kitabu kilisomwa saa ngapi atalihitaji.

Kipande cha mgongoni kimewekwa kwenye bahasha ndani ya jalada la nyuma. Kitabu kimebanwa kwa mbao na jiriwa, na kijana ameambiwa asije kukichukua wiki hii. Akija, aje na kitambaa cha pamba cha kukifungia. Nailoni, hapana.