BD ni ya kusoma, si ya kufungia kwenye plastiki



Juzi katika kikundi chetu mwenzetu mmoja alituma picha kwenye simu: kitabu kimoja cha picha, cha zamani, kimeuzwa Marekani kwa dola milioni 6. Chini yake akaandika: "Na sisi tuanze kukusanya BD. Hii ni biashara kupita koltani." Watu wakacheka. Lakini baada ya kicheko wengine wakaanza kuuliza kweli kweli: nani iko na Tintin ya zamani? Nani anajua mzee mwenye sanduku la magazeti? Nimeona nijibu kwa urefu kidogo, ju jambo hili si la kucheka tu.

Habari yenyewe ni ya kweli. Kitabu hicho ni Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ile ambamo Superman alionekana mara ya kwanza. Wakati ule mtoto alikinunua kwa senti 10. Aprili 2024 nakala moja iliuzwa kwa mnada dola milioni 6. Sawa. Lakini mwenzetu hakutuambia nakala hiyo iko katika hali gani. Imefungwa.

Tangu mwaka 2000 kuna kampuni Marekani inaitwa CGC. Unawapelekea BD yako, wanaikagua: kona zimekunjika? rangi imefifia? pini zina kutu? Wanaipa alama mpaka 10, kisha wanaifungia ndani ya plastiki ngumu. Ukiivunja plastiki ili usome, ile alama imekufa, na sehemu kubwa ya bei inakufa pamoja nayo. Maana yake, mwenye kitabu hawezi kukisoma. Anasoma namba iliyoandikwa juu ya plastiki. Sisi tungeona ni kichaa: ni sawa na kununua fromaji ya Masisi, kuiweka juu ya kabati, na kumpiga mtoto anayeomba kuionja.

Uhakiki wangu unaanzia hapo. Walanguzi, yaani watu wanaonunua BD ili waiuze tena kwa bei kubwa, hawakupandisha bei tu. Wamebadilisha kile kitu chenyewe. Kitabu kimekuwa hisa ya benki yenye picha.

Usiseme hayo ni mambo ya Wamarekani na Superman wao. Tintin tunayemjua sote, hadithi ni ile ile. Januari 2021, pale Paris, mchoro ambao Hergé aliuchora mwaka 1936 kwa ajili ya jalada la Le Lotus bleu uliuzwa karibu euro milioni 3.2. Karatasi ilikuwa bado na alama za kukunjwa. Na huyo Hergé ndiye aliyechora Tintin au Congo bila kukanyaga Kongo hata siku moja.

Sasa tuulize: kwa nini nakala ya 1938 ina bei ile? Jibu linawaumbua walanguzi wenyewe. Nakala zilizochapwa zilikuwa karibu 200,000. Zinazokadiriwa kubaki ni karibu 100. Nyingine zilienda wapi? Watoto walizisoma mpaka zikapasuka. Waliazimana, walizikunja na kuziweka mfukoni, mama zao walizitupa, na wakati wa vita ya pili ya dunia karatasi nyingi zilikusanywa zitumike upya. Kitabu kimekuwa adimu kwa sababu kilipendwa na kusomwa, hakuna aliyekiweka akingoja bei.

Walanguzi waliona bei, hawakuona sababu. Mwaka 1970 Marekani kilitoka kitabu cha bei, cha Overstreet, kinachoonyesha kila BD ya zamani ina thamani gani. Pole pole watu wasiopenda hata kusoma wakaingia. Novemba 1992 kampuni ya DC ikatoa Superman namba 75, ile ambamo Superman anakufa. Iliuzwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cha mkono cha matanga. Watu walipanga mstari. Mtu mmoja ananunua nakala 5, nakala 10, hafungui hata moja, anasema hizi ndizo zitawasomesha watoto wangu. Zikauzwa mamilioni. Superman mwenyewe akafufuka mwaka uliofuata.

Lakini kama kila mtu ameweka, nani atakosa? Na kama hakuna anayekosa, nani atanunua kwa bei kubwa? Leo nakala ile ya mfuko mweusi unaipata kwa pesa kidogo tu. Kampuni zilikuwa zimeongeza uchapaji kufuata walanguzi, na walanguzi walipoondoka, wasomaji wa kweli walikuwa wamechoka: majalada ya kung'aa mengi, hadithi nzuri chache. Maduka mengi yakafunga. Desemba 1996 Marvel, kampuni ya Spider-Man, ikaenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika.

Sisi wa Masisi na Walikale hatuhitaji profesa wa uchumi kutueleza hayo. Tuliyaona, au wazazi wetu waliyaona. Mwisho wa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kama roketi. Sehemu moja ni mahitaji ya simu na vyombo vya umeme. Sehemu nyingine ni makampuni ya mbali kununua kwa hofu na kuweka stoki. Huku kwetu watu waliacha mashamba, vijana waliacha shule, wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Manegosiani walihamia kwenye kitu kingine. Mashimo yakabaki kwetu. Kwa hiyo ndugu yangu aliyeandika "hii ni biashara kupita koltani" alisema kweli kuliko alivyokusudia. Ni biashara ya jinsi ile ile: thamani inaamuliwa mbali, na anayekuwa karibu na kitu ndiye anayepata kidogo.

Mpaka hapo ni rahisi kunipigia makofi. Lakini uhakiki wa kweli lazima utuguse na sisi.

Kongo ina BD zake, na si za jana. Mwaka 1968 Kinshasa lilianzishwa gazeti Jeunes pour Jeunes, la Achille Ngoie na Freddy Mulongo. Vijana waliligombania kwa sababu lilisema kama wao: Kifaransa, Lingala na lugha ya mtaani katika ukurasa mmoja. Baadaye, kuanzia 1990, mchoraji anayejiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza alifanya kazi ya ajabu. Aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe, akachapisha mwenyewe kwenye karatasi ya bei ndogo, na BD zikauzwa barabarani. Ile yake ya mtu anayegeuka nguma, anameza mwanamke na kutapika pesa, watu walisoma kama habari ya mtaa wao. Ilikuwa mwisho mwisho wa Mobutu. Kila mtu alielewa kumezwa ni nini.

Zile BD zilisomwa sawasawa. Moja iliweza kupita mikono ya nyumba nzima, halafu jirani, halafu shule. Mwishoni haina jalada, ukurasa wa mwisho umepotea, na aliyebaki anafunga nayo karanga. Ndiyo raha yenyewe ya BD, na mimi ninaitetea. Lakini leo nikikuambia nionyeshe nakala moja ya Jeunes pour Jeunes hapa kwetu, utanionyesha wapi? Miji yetu imekimbiwa mara ngapi? Mtu akikimbia usiku anabeba mtoto, chungu na godoro. Habebi BD.

Kumbe kumbukumbu za Papa Mfumu'eto ziko wapi? Sehemu kubwa iko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Mwaka 2015 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo pale Fondation Cartier. Mwanafunzi wa Florida anaweza kuomba kusoma BD ya Kinshasa akaletewa mezani. Mwanafunzi wa Walikale, hapana.

Sasa tumlaumu nani? Ningependa kusema "wazungu wametuibia" na kumaliza makala. Lakini haingekuwa haki. Kama hakuna mtu aliyekusanya zile karatasi, leo hazingekuwepo popote. Kwa hiyo tutofautishe watu wawili ambao mara nyingi tunawachanganya. Kuna mkusanyaji na kuna mlanguzi. Mkusanyaji anajua nani alichora, mwaka gani, hadithi inasema nini. Akifa anataka kitu kibaki. Mlanguzi anajua bei ya jana na bei ya leo. Ukimwambia mkusanyaji "nipe nisome", atakuambia nawa mikono kwanza. Ukimwambia mlanguzi, atakuambia "usiguse, utaipasula, bei itashuka."

Kuna jambo la tatu watu hawalisemi: mchoraji. Bei ikipanda kutoka senti 10 mpaka milioni 6, mchoraji anapata nini? Waliobuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, mwaka 1938 waliuza haki zao zote kwa dola 130. Ulaya kuna sheria ya mwaka 2001 inayompa msanii asilimia kidogo mchoro wake halisi ukiuzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa, isiyozidi euro 12,500. Lakini kitabu kilichochapwa, kile ulichonunua barabarani, hakimo. Kila mara kinapouzwa tena, pesa zinazunguka kati ya wauzaji na wanunuzi, na mtu wa kalamu anabaki nje ya mlango.

Ndiyo maana ninamwambia mwenzetu: wazo lako la kukusanya ni zuri, sababu yako ndiyo mbaya. Ukikusanya ili uuze, utafanya nini na nakala moja ya mzee wako? Utaiuza kwa mtu wa Goma, ataiuza kwa mtu wa Brussels, na wewe utabaki na pesa ya kula wiki mbili. Huku kwetu hatutabaki hata na picha yake.

Tena tunayo hadithi ambayo hatuhitaji kuinunua kwa mtu. Wanyanga wa Walikale wanaye Mwindo: mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye baba yake Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Yeye akasafiri chini ya maji mpaka kwa shangazi yake Iyangura, kisha akarudi kudai haki yake. Mwaka 1956 mzee Rureke aliisimulia, akiimba na kucheza, kwa siku 12. Daniel Biebuyck aliiandika, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakaichapisha California, kwa Kinyanga na Kiingereza. Mtoto mchanga anayetupwa na kurudi na nguvu: Superman ana nini zaidi ya hapo? Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kukishika kitabu kile? Mimi ningetoa BD zote za dola milioni kwa Mwindo moja iliyochorwa na kijana wa Walikale, kwa Kinyanga na Kiswahili, imechapwa kwenye karatasi ya bei ndogo, inapita darasani mpaka ipasuke. Kwa sharti moja: kabla haijapasuka, nakala mbili ziwekwe mahali.

Basi pendekezo langu ni dogo. Ukirudi nyumbani likizo hii, waulize wazee kama wana BD au gazeti la picha la zamani. Usinunue, usichukue. Omba ruhusa, piga picha kila ukurasa kwa simu mchana penye mwanga, andika jina la mchoraji, mwaka kama upo, na kijiji ulikoipata. Halafu mrudishie mzee kitabu chake. Picha tutaziweka pamoja zisomwe na chama kizima, na kama mchoraji yuko hai tutamtafuta tumuulize kabla ya kuzisambaza mbali.

Na yule anayetaka kutajirika kwa BD, achukue kalamu achore. Nakala ya kwanza nitanunua mimi, nitaisoma siku hiyo hiyo, na ninawaonya mapema: nitakunja kona za kurasa.