Kizibo Kwanza, Kanuni Baadaye

Chukua kizibo cha soda, kirushe, kiache kianguke juu ya dawati. Kitalala chali, meno yakitazama dari, au kifudifudi, meno chini. Waulize wanafunzi wa kidato cha nne uwezekano wa kulala chali ni kiasi gani, na darasa litakujibu kabla hujamaliza swali: nusu. Ukitaka sababu, utaambiwa kuna mambo mawili tu, na moja katika mawili ni nusu. Wa nyuma watasema "fifti-fifti" na kuendelea na mazungumzo yao.

Jibu hilo halitokani na uvivu. Ndilo tulilowafundisha. Mada ya uwezekano kwa kawaida huanzia ubaoni, kwenye kanuni: hesabu matokeo unayoyataka, gawanya kwa idadi ya matokeo yote. Kisha huja mfuko wenye mipira mitatu myekundu na mitano ya bluu, kisha dadu, kisha karata 52. Mwanafunzi anahesabu, anagawanya, anapata alama zake. Lakini kanuni hiyo ina sharti: kila tokeo liwe na nafasi sawa na mwenzake. Sharti hutajwa mara moja, katika sentensi ya kwanza, halafu halisikiki tena. Mifano yenyewe hailihitaji, kwa kuwa mipira ya kitabuni yote ni ya ukubwa mmoja na dadu za kitabuni hazijawahi kulika pembe.

Nilifundisha hivyo miaka kadhaa kabla ya kugeuza mpangilio na kutanguliza kizibo.

Vifaa havina gharama. Vizibo huokotwa nje ya duka lolote lenye friji la soda, au ukumbini asubuhi baada ya harusi. Darasa la wanafunzi sitini wanaokaa wawili wawili linahitaji thelathini tu. Mmoja anarusha, mwenziwe anaandika, mara hamsini kila dawati. Kwa dakika kumi hivi darasa lina marusho 1,500, kazi ambayo mtu mmoja angeifanya mchana kutwa. Kabla ya kurusha, kila mmoja anaandika utabiri wake daftarini kwa kalamu ya wino. Wino ni muhimu. Utabiri wa penseli hufutika, na anayefuta utabiri wake hajifunzi chochote kutokana na kukosea.

Tatizo ni kelele. Vizibo thelathini vikigonga mbao kwa pamoja, chumba cha jirani hakifundishiki, na mwenye kipindi huko atakuja mlangoni. Siku hizi nawaambia watandike sweta juu ya dawati. Sweta nayo ina ila yake: mara nyingine kizibo huegemea mkunjo kikasimama kwa ukingo. Je, rusho hilo linahesabiwa? Tunalirudia, lakini kwanza nawaacha wabishane, kwa sababu hapo ndipo wanapogundua kwamba hata orodha ya "matokeo yote" ni uamuzi wa mtu.

Halafu majibu yanakusanywa ubaoni, na hapa mwalimu asiwe na haraka. Usijumlishe yote kwa mkupuo. Andika dawati la kwanza: mara ngapi chali katika 50. Ongeza la pili: mara ngapi katika 100. La tatu, katika 150. Kila hatua piga uwiano, weka nukta kwenye grafu. Mwanzoni mstari unayumba, unapanda na kushuka kila dawati jipya linapoingia. Kufikia dawati la ishirini unakuwa umetulia kiasi kwamba wanafunzi wanaanza kubashiri nukta inayofuata, na wanapatia. Mahali unapotulia si kwenye nusu. Sitaandika hapa unatulia wapi, maana vizibo havifanani. Kilichopindwa sana na opena hakianguki kama kile kilichobaki na umbo lake. Rusha vyako.

Sasa mwanafunzi anauliza mwenyewe swali ambalo kanuni haijawahi kumlazimisha kuuliza: ile nusu tuliitoa wapi? Tuliitoa kwenye kuhesabu majina mawili, chali na kifudifudi, bila kuyapima uzito. Kanuni ikija baada ya swali hilo, inakuja na sharti lake mbele, na sharti halisahauliki.

Kuna jambo la lugha linalopaswa kusemwa hapa. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, ila mwanafunzi anakadiria kwa Kiswahili, na neno letu "uwezekano" mtaani hujibu ndiyo au hapana: jambo linawezekana au haliwezekani. Halina kipimo ndani yake. Hata hivyo Kiswahili kina ngazi nzima ya kukadiria ambayo vitabu haviigusi: haiwezekani, ni nadra, huenda, yaelekea, haikosi, lazima. Nachora mstari kutoka 0 hadi 1, nawaita waje wayapange maneno hayo. "Huenda" huzua ugomvi mdogo. "Haikosi" huzua mkubwa. Mmoja ataiweka kwenye 1 kabisa, mwingine atamkumbusha kwamba mama yake husema mvua haikosi kunyesha leo, na papo hapo anaanika nguo. Wanakubaliana kwenye 0.8 au 0.9. Wamekwisha kuelewa kwamba uwezekano ni namba, na hakuna aliyewaandikia tafsiri ya neno.

Aliyekuwa na subira ya kurusha kuliko walimu wengi ni John Kerrich, mhadhiri wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Aprili 1940 alikuwa Denmark kuwatembelea wakwe zake, Wajerumani wakaivamia nchi hiyo, naye akawekwa kizuizini huko Jutland. Pamoja na mwenzake wa kizuizini, Eric Christensen, alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Kichwa kilitokea mara 5,067. Walitengeneza pia kisahani cha mbao chenye madini ya risasi upande mmoja, wakakirusha ili kuonyesha kwamba pande mbili si lazima ziwe na nafasi sawa. Kizibo changu, kwa hiyo, kina babu. Kerrich aliichapisha kazi hiyo mwaka 1946.

Namba za Kerrich zina kazi nyingine darasani, na nadhani ndiyo kubwa zaidi. Katika marusho 100 ya mwanzo kichwa kilitokea mara 44, pungufu 6 chini ya nusu. Kufikia 1,000 kilikuwa kimetokea mara 502, ziada ya 2. Kufikia 10,000, ziada ya 67. Waandikie ubaoni 6, 2, 67, kisha waulize: je, sarafu inajisawazisha? Wengi wanaamini kwamba vichwa vikipungua mwanzoni, baadaye vitakuja vingi kufidia. Hesabu inaonyesha kitu kingine. Asilimia imetoka 44 ikafika karibu 50.7, huku umbali wenyewe kutoka nusu ukiongezeka. Hakuna deni lililolipwa. Pengo la 6 ni kubwa katika 100. Ziada ya 67 haionekani katika 10,000. Sarafu haikumbuki ilichofanya jana, na wala haina haja ya kukumbuka ili asilimia itulie.

Imani ya fidia haing'oki kwa maelezo peke yake. Inahitaji mchezo, na mzuri kuliko yote ninayoijua unahusishwa na Tamás Varga, mwalimu wa hisabati wa Hungaria. Mimi naufanya hivi. Sarafu ya Tanzania ya shilingi 200 ina Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Nusu ya darasa inakwenda nyumbani kuirusha kweli mara 100 na kuandika K na S kwa mfuatano. Nusu ya pili hairushi. Inabuni K na S mia moja kichwani, ikijitahidi zifanane na za kweli. Karatasi zinaletwa bila majina, nazisoma moja moja mbele yao na kusema: hii imerushwa, hii imetungwa. Ninakosea mara chache, na wanaanza kunitazama kwa mashaka.

Siri ni mfululizo. Katika marusho 100 ya kweli, uwezekano wa kukuta mahali fulani K tano au zaidi zimefuatana, au S tano au zaidi, ni karibu 0.97. Mtunzi hathubutu. Akishaandika Karume mara tatu anaona aibu, anamwita simba. Siku hiyo wanafunzi huondoka na kitu cha kubishana nacho njiani, hasa wale wanaoamini kwamba timu iliyofungwa mechi nne "zamu yake imefika". (Timu si sarafu, na mchezaji ana kumbukumbu, mjadala huo niuachie walimu wa michezo.)

Karata nazipitia haraka. Mwanafunzi aliyekulia nyumba isiyoruhusu karata hajui kopa wala shupaza, na swali la 13 katika 52 linampima mambo ambayo si hisabati. Akumbuke idadi tu, basi.

Kosa la kizibo hurudi kwa sura nyingine zinapoingia sarafu mbili. Uliza: tukirusha sarafu mbili, tutapata nini? Vichwa viwili, wanyama wawili, au mchanganyiko. Matokeo matatu, kila moja theluthi. Usiwacheke. Mwaka 1754 Jean le Rond d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika katika Encyclopédie aliyokuwa akiihariri pamoja na Diderot kwamba katika marusho mawili ya sarafu, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Hoja yake ilikuwa kwamba kichwa kikitoka mwanzo mchezo umekwisha, kwa hiyo zipo hali tatu tu. Njia yake si ile ya wanafunzi, ila kosa ni lile lile: kuzihesabu hali tatu kana kwamba zina uzito mmoja. Jibu ni 3/4.

Dawa ni kutumia sarafu mbili tofauti. Ya 200 ina Karume na simba. Ya 100 ina Nyerere na swala. Sasa mchanganyiko hauwezi kujificha kama kitu kimoja, kwa maana Karume na swala si simba na Nyerere. Wanaandika wenyewe: Karume na Nyerere, Karume na swala, simba na Nyerere, simba na swala. Nne. Mchoro wa matawi ambao kitabu huutoa kama mapambo unakuwa na kazi.

Kuzidisha nakufundisha kwa mkeka, ile tiketi ya kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja. Najua wapo wasiopenda neno hilo liingie darasani, lakini wavulana wa viti vya nyuma wanaujua mkeka kuliko wanavyoijua kanuni ya duara. Chukua mechi tano, kila moja uwe na uhakika wa asilimia 70 kwamba umebashiri sawa, na tuseme hazihusiani. Mbili tu zikizidishwa ni 0.49, umeshashuka chini ya nusu. Zote tano ni 0.168. Mkeka uliopangwa kwa mechi ambazo kila moja "haina shida" huchanika mara tano katika sita. Huwa kimya kidogo, kisha mmoja anachukua kikokotoo na kujaribu mechi kumi. Ni chini ya 0.03.

Sarafu zile mbili hazirudi mfukoni. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako huzaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na wanafunzi wa baiolojia wanajua tayari kwamba wazazi wawili waliobeba vinasaba vya AS wanaweza kupata mtoto wa SS, yaani mgonjwa. Sarafu ya 200 iwe baba, ya 100 iwe mama. Upande wa kichwa ni A. Upande wa mnyama ni S, na kwa bahati majina ya simba na swala yote huanza na herufi hiyo. Kila rusho la pamoja ni mtoto mmoja. SS ni simba na swala: robo.

Hapa imani ya fidia inaumiza watu. Utawasikia wazazi wakisema, au wakiambiwa na majirani, kwamba mmoja katika wanne ameshaumwa, kwa hiyo watatu wanaofuata wako salama. Lakini kila mimba ni rusho jipya. Nawaambia kila dawati lirushe "familia" za watoto wanne na kuhesabu wagonjwa, halafu tunapiga hesabu kamili juu ya 256: familia zisizo na mgonjwa hata mmoja 81, zenye mmoja 108, zenye wawili 54, zenye watatu 12, na yenye wanne 1. "Mmoja katika wanne" haitokei hata katika nusu ya familia. Zenye wawili au zaidi ni 67, zaidi kidogo ya robo.

Somo hili nalifundisha kwa tahadhari, na simwombi mtu aeleze mambo ya kwao. Mara moja msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono bila kuombwa. Alisema kwa mama yake mdogo watoto ni wanne, wagonjwa wawili wa kwanza, na ukoo umekuwa ukiuliza nani amefanya nini. Kisha akauliza: kwa wale wawili wadogo, kabla hawajazaliwa, ilikuwa ngapi? Nikampa chaki. Alisimama ubaoni muda, akaiacha ile orodha ya 256 kama ilivyo, akaandika pembeni 3/4 mara 3/4.

Kengele ikalia akiwa ameandika 9/16, na hakuna aliyefunga daftari.