Mti wa Kombo

Seremala wa milango akienda kununua mbao huishika ncha moja, akafumba jicho, akaitazama kwa urefu wake wote, na akiona kombo hata kidogo huirudisha. Fundi wa vyombo vya baharini huanzia upande mwingine kabisa. Yeye hutafuta mti uliopinda.

Nilijua hivyo Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, ambako majahazi na mashua huundwa pale pale mchangani. Kando ya chombo kilichofika nusu palikuwa na rundo la matawi mazito yenye vigosho vya kila namna. Nikadhani ni kuni za mama lishe. Mzee aliyekuwa akinoa tezo akacheka kwa upole. “Hayo ni mataruma, mwanangu. Yanangoja zamu.” Akachukua moja, akaingia nalo ndani ya chombo, akalilaza kwenye mbao, akaligeuza, akalitoa. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikaa kana kwamba mbao zimelizunguka toka udogo wake. Likabaki kupunguzwa kwa tezo mahali pawili tu. Hakupima kwa futi wala kuchora mstari.

Taruma ni ubavu wa chombo, na nguvu zake zimo katika nyuzi za mti. Tawi likikua na pindo, nyuzi zake hupinda nalo, kutoka ncha hadi ncha bila kukatika. Ukitwaa ubao ulionyooka ukauchonga upinde kwa msumeno, kwa macho utaona umbo lile lile, lakini nyuzi umezikata njiani, na siku chombo kitakapopanda mwamba ufa utaanzia hapo hapo. Kwa hiyo fundi huyu anapozunguka shambani au kwenye mikoko akitazama juu, kazi ya kuunda imekwisha kuanza. Mlilana, unaoota upande wa mbele wa mikoko, karibu zaidi na bahari, unapendwa kwa mataruma kwa sababu hiyo: matawi yake yana mapindo tele, na chumvi umeijua tangu mche.

Mkuku, uti wa chini wa chombo, ni habari nyingine; unataka gogo refu na zito. Mbao za ubavuni zikipatikana za mvule au msaji, chombo kitarithiwa. Ngalawa huchongwa katika gogo la mwembe, mti unaooza upesi kuliko hiyo miwili. Wako wanaoudharau kwa hilo, nami siwaungi mkono. Mwembe ni mnene, hauli makali ya tezo, na uko nyuma ya nyumba. Kwa mvuvi asiye na mtaji wa mvule, huo ndio mti bora.

Ila kinachonishangaza zaidi ni uzi. Mwandishi mmoja wa Kigiriki aliyeeleza safari za bahari hii katika karne ya kwanza alivitaja vyombo vya kushonwa vya pwani yetu, na jina la mji wa Rhapta likahusishwa na mishono hiyo. Jamaa wa mwisho wa vyombo hivyo alikuwa mtepe wa Lamu. Makumbi ya nazi yalifukiwa matopeni miezi mingi, yakapondwa, usumba ukasokotwa kamba, na kwa kamba hizo ubao ukashonwa kwa ubao. Mataruma yalitiwa baadaye. Kamba hulegea kidogo wimbi likipiga, kisha hurudi. Msumari hauna hiari hiyo. Mtepe ulivuja, ni kweli, na mabaharia wake hawakuweka upo chini, lakini ulipandishwa ufukweni penye mawimbi bila kupasuka.

Misumari iliposhinda, ustadi ulihamia kwenye kuzuia maji. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, na shingo ya msumari huviringishwa pamba yenye mafuta. Kisha huja kalafati: pamba iliyosokotwa, ikalowekwa mafuta, hugongwa katikati ya mbao, kidogo kidogo, mshono baada ya mshono. Ukisimama mbali husikia mlio wa nyundo ukibadilika; mshono ulioshiba hujibu kwa sauti ya juu, na fundi huwahimiza vijana wake kwa masikio tu. Mwisho, chini kote hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao.

Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ubavu wake umepambwa kandambili kama 30,000, na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Nakiheshimu sana. Plastiki haina nyuzi wala kigosho. Kila pindo lilitengenezwa kwa mkono wa mtu. Bila miaka ya kuutazama mti wa kombo, mapindo hayo wangeyajuaje?

Jioni ile tuliongozana na mzee kwenda msikitini. Njiani akasimama chini ya mwembe wa jirani, akapapasa panda ya tawi moja kwa kiganja, polepole, akafuata pindo lake mpaka mkono ulipokoma.

“Bado jembamba,” akasema, akalipigapiga, tukaendelea.