Hiari na Lawama katika Rosa Mistika

Tangu Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa mwaka wa 1971, wahakiki wengi wameisoma kama riwaya ya malezi. Zakaria, baba mlevi na mkali, anamwadhibu binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila ya kuwajua. Anapofika chuoni, mbali na fimbo ya baba, anashindwa kujitawala. Kwa mujibu wa usomaji huu, Rosa hakuchagua kuangamia, bali aliangamizwa.

Makala haya hayakanushi nguvu ya malezi. Yanachouliza ni hoja hiyo inatufikisha wapi. Iwapo Rosa ni zao la Zakaria, basi Zakaria naye ni zao la nani? Yeye pia alilelewa, na hakuibuni peke yake imani kwamba heshima ya nyumba imo mwilini mwa binti. Kumwondolea mtoto hatia kwa kuwa hakuwa na hiari, kisha kumtwika baba hatia hiyohiyo kana kwamba yeye alikuwa nayo, ni kupima kwa mizani miwili. Ama wote wawili walikuwa na kiasi fulani cha hiari, ama hakuna aliyekuwa nayo; na kama hakuna, lawama yenyewe haina maana. Kezilahabi hakubali hilo. Mwishoni anawapeleka baba na binti ahera, wakabiliane mbele ya Mungu. Huwezi kuweka mahakama pasipo watu wanaoweza kujibu kwa matendo yao.

Aidha, lipo tendo ambalo hoja ya malezi haiwezi kulieleza. Baada ya kuhitimu na kuwa mwalimu, Rosa anajirudi. Hakuna fimbo inayomlazimisha wala mlezi anayemwelekeza; anaamua. Mhakiki anayemwona kuwa mateka wa utoto wake anampokonya tendo hili, ambalo huenda ndilo lililo lake kuliko yote.

Hapo ndipo nafasi ya Charles inapodhihirika. Anapotambua kwamba mchumba wake si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Kwa Charles, mtu ni jumla ya yale yaliyokwisha kumpata. Toba haiongezi wala haipunguzi kitu. Kwa hiyo mhakiki mwenye huruma na mchumba asiye na huruma wanakutana mahali pamoja: wote wawili hawaamini kwamba Rosa angeweza kuwa mtu mwingine. Mmoja anasamehe, mwingine anahukumu, lakini hakuna anayemwachia njia ya kurudi.

Ni kinaya kwamba riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, kana kwamba kijana akisoma habari za upotovu hana budi kupotoka. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya Zakaria alipoiona ile barua.

Tunahitimisha kwamba malezi katika riwaya hii huifanya njia kuwa nyembamba, lakini hayaizibi. Kukana hiari ya Rosa hakumpunguzii mzigo. Kunamfunga katika nyumba ya baba yake hata baada ya yeye mwenyewe kutoka.